Oili Ile Ile

Kuna maneno mawili yanayoniudhi kuliko tusi, nayo ni "ile ile". Ukiingia dukani hapa Sumbawanga kutafuta kitu ambacho muuzaji hana, hatakwambia kwamba hana. Atanyoosha mkono kwenye rafu, atakuletea kitu kingine, atakiweka mbele yako na kusema, "Chukua hii, ni ile ile tu." Umeomba mbegu ya mahindi ya nyanda za juu, unapewa ya bondeni, ni ile ile. Umeomba mkanda wa mashine ya kusaga, unapewa ulio mfupi kidogo, ni ile ile, utavutika wenyewe. Na anayesema hivyo haoni kwamba amedanganya. Mwongo anajua ukweli uko wapi, na ukimbana atakuonyesha. Mtu wa ile ile hajawahi hata kwenda kuutafuta.

Dada yangu mkubwa ni mjane. Tunaishi kiwanja kimoja Katandala, nyumba yake iko mbele na yangu nyuma. Mumewe alipofariki, aliuza ng'ombe wawili waliobaki akanunua mashine ya kufyekea nyasi, ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, yenye injini ndogo nyuma na kisu kinachozunguka mbele. Watu walimcheka. Mwanamke wa umri wake, amevaa suruali ya marehemu na buti za mpira, ananguruma uwanjani kama pikipiki. Yeye alisema jembe limempa maumivu ya mgongo tangu utoto na halijawahi kumwomba samahani, kwa hiyo anajaribu kitu kingine.

Mwanzoni mwa mvua alipata nafasi kwenye shule moja ya bweni ya masista. Sista anayesimamia mazingira alimweleza wazi: "Mama, fyeka msimu huu. Siku ya wazazi uwanja ukiwa safi, kazi ni yako mwaka mzima. Ukikwama, kuna mtu wa Mbeya mwenye mashine tatu, ameshakuja kuuliza." Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake: mashine moja, uwanja mmoja, na nyasi za Ufipa ambazo mvua ikikolea huota huku unazitazama.

Kazi yangu mimi ilikuwa oili. Kwa ajira ni mtunza stoo ya pembejeo. Sijasomea ufundi, ila nina tabia ya kusoma kila kijitabu kinachokuja na mashine, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo wengi wanaozishika mashine hizi hawalijui: injini ya namna hii haina mahali pa kuwekea oili kama gari. Oili yake yote ni ile uliyoichanganya na petroli. Ikipungua kwenye petroli imepungua kwenye pistoni, papo hapo, wala hakuna taa itakayowaka kukuonya. Ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Kijitabu cha mashine ya dada kilisema sehemu moja ya oili kwa arobaini za petroli, yaani mililita ishirini na tano kwa lita. Nilinunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, nikawa napima kwa hilo.

Tena siyo oili yoyote. Ipo ya injini zinazopozwa kwa upepo, na ipo ya injini za boti zinazopozwa kwa maji ya ziwa. Zote huchanganywa na petroli, zote hung'aa kwenye chupa, na hapo ndipo ile ile inapopata mlango. Lakini injini ya boti inafanya kazi ikiwa imepoa. Mashine ya begani, jua la mchana, nyasi zimejisokota kwenye kisu, inachemka vibaya sana, na oili yake imetengenezwa kuvumilia joto hilo. Nilikuwa natumia ya kopo jekundu, na dada alijua kwamba ni hiyo tu.

Kisha nikapelekwa kikazi Laela. Huku nyuma kopo likaisha, na dada akaenda kununua Majengo, kwenye duka la vipuri la mtani wetu.

Huyu mtani ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao zamani. Sisi Wafipa na familia yao tumetaniana hadi utani umekuwa kama undugu. Baba yake ndiye aliyeshuka kaburini kwenye mazishi ya shemeji yangu, akalala chali humo, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na dada, aliyekuwa hajala wala kusema tangu msiba uanze, akacheka. Siyadharau mambo hayo. Nayataja ili ieleweke duka lile lilikuwa duka gani kwetu.

Dada alinisimulia baadaye walivyozungumza.

"Ya kopo jekundu imeisha, mtani," mwenye duka alimwambia. "Lakini hii imepanda jana na gari la dagaa kutoka Kirando, ziwani. Ni ile ile."

"Mdogo wangu anasema ya boti siyo."

"Mdogo wako anasoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Injini ya boti inavuka mpaka Kongo na kurudi, ishindwe na majani ya masista?"

"Naweka kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa lita. Wavuvi wote ndivyo wanavyoweka."

Akammiminia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaifunga. Dada akarudi nyumbani, akafungua chupa, akapima kifuniko kimoja kwa lita moja. Kifuniko cha chupa ya maji. Wavuvi wa Kirando, wanaposema kifuniko, wanasema kifuniko cha dumu la oili, ambacho kinameza vile vya chupa ya maji vinne. Neno ni moja, kipimo ni robo. Kwa hiyo mashine ilipewa oili isiyo yake, tena robo ya hiyo.

Ilifyeka upande mmoja wa uwanja na nusu ya upande wa pili. Dada alisema sauti ilianza kuwa nyembamba, ikapanda juu kama mtu anayekabwa, kisha ikakatika. Alivuta kamba ya kuwashia, haikuvutika. Imenoki, pistoni imeganda ndani ya silinda.

Niliporudi niliifungua juu ya gunia. Plagi ilikuwa nyeupe kama mfupa. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mmoja kuanzia juu hadi chini, na silinda nayo imekwanguliwa vivyo hivyo, michirizi ambayo ukipitisha ukucha unaisikia. Nilinusa chupa, nikajua. Nilimuuliza kipimo, akanionyesha kifuniko kwenye kiganja chake. Sikumkasirikia yeye. Aliuliza swali sahihi, kwa mtu anayeuza, akajibiwa.

Nilikwenda Majengo siku hiyo hiyo. Kwenye kibaraza cha duka walikuwepo waendesha bodaboda na mama mmoja anayeuza karanga.

"Mtani, umeua mashine ya dada yangu," nilisema.

"Jamani, Mfipa akikwambia umeua, kimbia," alijibu akiwageukia wenzake. "Kesho radi inashuka na wingu halipo."

Wakacheka, maana sisi Wafipa tunasemwa kwa uchawi wa radi.

"Oili uliyompa ni ya boti. Inataka injini inayopozwa na maji."

"Si mngeiogesha?"

Wakacheka zaidi. Nilijaribu tena. Nilimweleza tofauti ya kifuniko cha dumu na cha chupa, taratibu, kama ninavyoeleza hapa.

"Kifuniko ni kifuniko, mtani. Nyie hata chumvi mnapima kwa rula."

"Na ninyi kila kitu mnapima kwa ndoo ya kunyweshea ng'ombe," nilisema, na hapo hapo nikajua nimeshindwa, kwa sababu nimejibu utani kwa utani. Mama wa karanga alipiga makofi. Mwenye duka akanipiga begani, akasema, "Haya, nimekubali, nimeua. Nimekukosea sana, mtani wangu," kwa sauti ya kuigiza kilio, na kila mtu akafurahi. Nilitoka pale na hasira yote niliyokwenda nayo, pamoja na nyingine mpya.

Usiingie katika ugomvi na mtani ukitegemea hasira. Ukimtukana, umemtania. Ukimtisha, umemtania vizuri zaidi. Mtu ameharibu kitu kinachokulisha, na jamii nzima imekubaliana kwamba utakachosema ni kichekesho.

Siku iliyofuata nilirudi asubuhi kabla kibaraza hakijajaa. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema maneno ambayo kwetu hayasemwi ovyo: "Leo sitanii."

Uso wake ulibadilika. Aliacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono.

"Sawa, kaka," alisema. Hakuniita mtani. "Tatizo ni nini?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa adabu kamili.

"Risiti unayo?"

"Risiti ya oili ya kwenye chupa ya maji?"

"Basi kaka, mimi sikumbuki. Wateja ni wengi. Huenda aliichukua pengine."

Jana yake alikiri mbele ya watu huku akicheka. Leo, bila kucheka, hakumbuki. Niligeuka nikatoka. Ndani ya utani ukweli ulikuwepo lakini haukuwa na uzito. Nje ya utani ulikuwa na uzito, lakini haukuwepo.

Nilipomsimulia dada, alinitazama kwa huruma niliyoichukia.

"Umemtoa kwenye utani," alisema. "Ukishamtoa huko, ni muuzaji tu. Muuzaji ana deni gani na wewe?"

"Ana deni la mashine."

"Subiri."

Alijifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani kama mfiwa. Ile mashine iliyokufa aliifunika shuka jeupe, akapanda nayo bodaboda akiwa ameipakata. Nilimfuata kwa miguu. Nilipofika Majengo alikuwa ameketi chini, katikati ya mlango wa duka, miguu ameinyoosha, mashine mapajani, analia msiba.

"Mtani ameniulia mwanangu! Nani atamzika? Si kazi ya watani kuzika? Njoo uchimbe!"

Wateja hawakuweza kuingia, na hakuna aliyethubutu kumruka mfiwa. Mtaa ulisimama. Mama wa karanga alikuja kuketi naye na kuitikia kilio. Mwendesha bodaboda mmoja akauliza marehemu aliumwa nini, dada akamjibu, "Alinyweshwa dagaa!"

Mwenye duka alitoka nyuma ya meza akicheka mpaka machozi. "Mtani, ondoka, unaniharibia biashara."

"Siondoki bila sanda. Sanda yake ni silinda na pistoni."

"Nitakupa kuku."

"Kuku hafyeki."

Watu wakaanza kumzomea: mzike, mtani, mzike. Hakuweza kukataa. Mtani anayeshindwa msiba anachekwa mpaka wajukuu zake. Aliahidi mbele ya wote kwamba ataagiza silinda na pistoni kutoka Mbeya, na hapo dada akafuta machozi ambayo hayakuwepo, akainuka, akampa mkono.

Vipuri vilikuja na basi. Nilivifunga mwenyewe, nikabadilisha plagi, nikapima mililita ishirini na tano kwa lita kwa oili ya kopo jekundu niliyoagiza Tunduma. Mashine ikawaka. Dada alifyeka shule yote, ukingo wa mwisho aliumaliza jioni ya kuamkia siku ya wazazi, na yule sista alipopita akasema tu, "Endelea, mama." Mtu wa Mbeya alielekeza mashine zake kwingine. Kazi ni ya dada hadi leo.

Watu wanaposikia kisa hiki wanaishia hapo na kucheka. Mimi siwezi. Silinda ile ilitolewa kama kuku wa mazishini, kwa furaha, na aliyeitoa alisifiwa kwa ukarimu. Hakuna aliyesema kwamba alimwuzia mjane kitu asichokijua na kumpa kipimo alichokisikia tu kwa wavuvi. Oili ya boti bado ipo kwenye rafu yake, na siku hizi anawasimulia wateja habari ya msiba wa mashine huku akiwamiminia.

Nilimwambia dada hivyo, tukiwa uani anafuta kisu.

"Ulitaka mashine au ulitaka akiri?" aliniuliza.

"Vyote viwili."

"Mimi nilitaka mashine," alisema, akaendelea kufuta.

Sina ugomvi naye. Alikuwa na uwanja wa kufyeka, na ameufyeka. Lakini mimi sikumpa mtani radhi yangu, na hakuna mila inayoweza kuitoa kwa niaba yangu. Ninapopita Majengo, mtani hutoka kibarazani na kuniita kwa sauti: Mfipa, umekuja na rula? Mfipa, nani tena amefariki? Watu husimama wakisubiri nijibu. Sijibu. Natembea mwendo wangu ule ule mpaka nipite duka lake. Kwetu mtu anayetaniwa akanyamaza amesema jambo zito kuliko tusi, na juzi, nilipokuwa nimeshafika kwenye kona, nilisikia kicheko chake kimekatika katikati.