Waliopata Shamba Huanguka

Nilikwenda Kibiti kunyoa nywele, ndugu yangu, na katika kibanda cha kinyozi nikakuta televisheni ikionyesha mieleka ya ng'ambo. Watu wawili wenye vifua vya mafahali walikuwa wakibebana na kutupana juu ya jukwaa lililozungushiwa kamba. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu walibishana kama watu wale wanapigana kweli. Kinyozi akasimamisha mashine juu ya kisogo changu.

"Mzee wangu, hawa wanatuzingua tu. Wamepangana tangu chumbani nani aanguke."

Kijana mmoja akadakia, "Basi nenda wewe ukapangwe, tuone kama utarudi na shingo."

Mimi nilikuwa nikimtazama yule aliyeangushwa. Kabla mgongo wake haujafika chini, kidevu kilikwisha kugusa kifua, na mkono mzima, kuanzia begani hadi kiganjani, ulikwisha kulipiga jukwaa. Kofi lile nililifahamu. Nililisikia utotoni, juu ya pumba za mpunga.

Kitongoji chetu kilikuwa bondeni, mahali ambapo Mto Rufiji huanza kugawanyika kuelekea baharini. Kila masika maji yalipanda, tukahamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mpunga, tukilala na kuamka kwa kelele za kufukuza ndege. Maji yalipopungua tulikuta mto umemega shamba upande mmoja na kulitapika upande wa pili. Sisi tulikaa kaskazini ya mto, wenzetu kusini. Tulikuwa tumeoleana, tukizikana, na kila mwaka tukishikana mashati kwa ajili ya udongo ule ule. Ndipo wazee wakaweka kanuni: shamba libaki kwa waliotapikiwa na mto, lakini hao watoe mtu wa kubwagwa chali mbele ya watu wote, siku ya kula mpunga mpya. Waliopata shamba huanguka, waliokosa huangusha. Watu wazima wote walijua. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba ni mieleka.

Mtu wetu wa kuanguka alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mtu wao alikuwa jirani wa ng'ambo, pande la mtu lenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake. Mto ulitupendelea sisi miaka mingi mfululizo, kwa hiyo mjomba alianguka miaka mingi mfululizo. Watoto wa kusini walinipokea shuleni kwa kelele: "Mjomba wako gunia! Hubebwa, hubwagwa, hungoja kushonwa!" Nami niliwaamini, kwa kuwa gunia ndilo nililoliona.

Mwalimu wetu, mtu wa bara aliyepangiwa shule ya kwetu, alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukalichukia: "Usiniletee ulichosikia. Niletee ulichokiona." Kwa ajili ya neno hilo, siku moja nilipanda mtumbwi wa mjomba na kwenda naye hadi kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, asikokuwa na haki mtu wa kaskazini wala wa kusini. Jirani alikuwa akitungoja. Mchana ule wote walirudia anguko moja. Niliona kwamba anayebebwa ndiye anayeruka, na kwamba anayebeba hutumia goti lake kupunguza kishindo, bila mtazamaji kuling'amua. Niliona mjomba akitoa pumzi yote kabla ya kutua. Niliona mgongo wake ulivyoiva mwekundu chini ya weusi.

"Umenenepa, shemeji," jirani alimwambia, akihema. "Shamba letu limekukaa."

"Linikae wapi? Kila mwaka mnanitikisa likamwagika lote."

Jioni nilimuuliza bibi kwa nini mjomba anakubali kuonewa. Bibi alikuwa akipepeta mchele; hakuuweka ungo chini. "Wali unaokula, mjukuu wangu, mjomba wako kaulipia kwa mgongo," akasema, na kwa maneno hayo nikaijua kanuni.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Mto ulikuwa umewanyang'anya wenzetu kipande kikubwa kuliko vyote na kututapikia sisi, na katika ugomvi wa mipaka panga zilikuwa zimeinuliwa, ingawa hazikushuka. Mwaka huo huo mjomba alirudi kutoka Nyamisati, alikokwenda kupakia boriti za mikoko, bega la kulia likiwa limevimba. Bibi alimkanda kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, akamwambia asicheze.

"Mama," mjomba akasema, "nisipoanguka mimi, ataanguka mtu asiyejua kuanguka."

Siku ilipofika, mimi na wenzangu tulitandaza pumba uwanjani, nene upande wa kulia, ambako jirani alimtupia mjomba kila mwaka. Akina mama walikuwa wakitwanga pepeta, na harufu ya mpunga mbichi uliokaangwa ilienea hadi ukingoni mwa mto. Ngoma ikalia. Jirani alimzungusha mjomba mabegani, watu wakimshangilia. Hapo nikamwona mjomba akimgonga mgongoni kwa vidole vya mkono wa kushoto, na jirani akaelewa kwamba upande wa kulia haufai. Lakini kushoto kulikuwa na udongo mtupu, mkavu, uliopasuka kwa jua. Hakuwa na pa kumweka. Basi alimteremsha kifuani, akamkumbatia, na kwa mzigo wake huo akajiangusha chali yeye mwenyewe.

Ngoma ikanyamaza. Mtu wetu alikuwa juu. Shamba letu, na ushindi nao wetu. Kutoka upande wa kusini nikasikia sauti ya mwanamume: "Hata hiki wametunyima?" Nikaona mikono ikishuka viunoni, kwenye panga.

Mjomba akapiga ukelele kama mtu aliyekabwa kutoka chini. Akarusha miguu hewani, akajipindua juu ya kichwa cha jirani, akatua chali kwenye udongo ule mkavu. Mkono alioupiga chini ulikuwa wa kulia. Kwa jinsi alivyopinduka, hakuwa na mwingine wa kupiga. Kofi lile lilisikika hadi mtoni. Ndani yake mimi nilisikia pia kitu kidogo, kama ukuni mbichi ukivunjwa gotini. Papo hapo jirani alimpanda kifuani na kuinua mikono, na watu wa kusini wakalipuka kwa vigelegele. Panga zikaenda kukata majani ya migomba ya kupakulia wali.

Baadaye zilisemwa habari nyingi: kwamba jirani alimvunja kwa kinyongo, kwamba bega lilitupiwa kitu. Waliozisema walikuwa nyuma kabisa, au hawakuwapo. Mimi nimekueleza nilichokiona.

Mkono wa mjomba haukuinuka tena kupita kifua. Kula kwa kushoto alikataa. Kwa hiyo bibi alikipindua kinu, akaiweka sahani yake juu, naye akawa anainama hadi mdomo uufikie mkono. Kila mwaka siku ya mpunga mpya jirani alivuka mto, akaketi upande wa pili wa kinu kile, akala kwa kuinama vilevile, ingawa mkono wake ulikuwa mzima.

Wote wawili wamekufa. Niliwazika kwa macho makavu. Mwaka jana nilifika ukingoni kulitazama shamba lile. Mto umelichukua, na upande wa pili haukulitapika. Watu wamehamia barabarani. Nilisimama nikaingoja huzuni, nayo haikuja, kama mkono uliolaliwa usivyojibu ukibanwa.

"Mzee, hujasema bado," kinyozi akanikumbusha, akikung'uta shuka. "Kweli au wamepangana?"

"Wamepangana," nikamjibu. "Na inauma."

Vijana wakacheka, wakidhani nimetania. Nikalipa, nikavuka barabara hadi kwa mama ntilie, nikaagiza wali. Mkono wangu wa kulia ukainuka hadi mdomoni bila taabu yoyote. Niliuangalia ukifanya hivyo mara ya kwanza, na mara ya pili, kisha nikainama.