Kambale wa Asubuhi ya Kipaimara

Hili nalisimulia kwa aibu, maana nusu ya kigango ilinikuta mtoni nikiwa na chupi tu, ila bora mlisikie kwangu kabla shemeji hajawasimulia.

Nilikuwa nimerudi Tlawi baada ya miaka mingi ya kuzurura, nikiukumbuka mto wetu kuliko hata watu (Mungu anisamehe), na siku moja kabla ya kipaimara cha binti wa kaka yangu nikamwambia kaka asichinje mbuzi, wageni watakula kambale.

"Ukirudi mikono mitupu, mdogo wangu," akasema, "wageni watakula maharage na jina lako."

Usiku nikashuka mtoni na mshipi na kopo la minyoo, nikawasha tochi kama tulivyofanya utotoni. Hakuna kitu. Kila nilipomulika maji yalitulia kama ya ndoo, nikahama kidimbwi hiki hadi kile, nikateleza, nikalowa, na alfajiri nikaitundika suruali kichakani ikauke, usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na nyimbo. Watu wa kanisani walikuwa wanashuka njiani, na suruali ilikuwa upande wao, basi nikajitupa majini mpaka shingoni. Aliyetangulia ni katekista mzee, na kwetu salamu haikwepeki hata kwenye baridi ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeamua kubatizwa upya?"

Akaendelea na habari za safari, za mama, za ng'ombe (sina ng'ombe), na tukiwa hapo kwenye ng'ombe kitu kikanigonga goti. Kingine pajani. Kambale, mchana kweupe.

"Vijana wanawamulika kila usiku," mzee akasema. "Siku hizi giza likiingia kambale wanajificha, wanatoka kula jua likichomoza. Wewe hukuuliza."

Nikamwomba anirushie mshipi wangu na lile kopo la minyoo, vilivyobaki ukingoni. Nikavua palepale, kutoka siwezi, kwaya nzima inaangalia, kila samaki namrusha ukingoni na shemeji, mke wa kaka, aliyekuja na kundi lile, anamtia kwenye kanga yake huku akihesabu kwa sauti. Kwa wa kumi na moja akina mama wakapiga vigelegele, nami nikainua mikono yote miwili kama mshindi wa uchaguzi, nikasahau kina, nikazama.

Mchana wageni walikula mpaka wakalamba vidole, na kaka, mbele yao wote, akaniwekea kichwa cha kambale mkubwa kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla. Nikakila polepole.

Lakini siku hizi nikifika mahali nauliza kwanza, hata kama nilizaliwa hapo.