Siku ya Kupindua Baiskeli

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa nilipitiwa na usingizi nikiwa kwenye sijida. Msikiti mzima ukasimama, mimi nikabaki chini nakoroma. Waliokuwa nyuma yangu walidhani nimezidiwa na ucha Mungu, na mzee mmoja akaanza kuniombea dua. Cheka tu, mwanangu. Leo hata mimi nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona umesinzia mbele ya sahani, na mama yako ndiye aliyekutoa kijiko mkononi. Unashinda kwenye majiko ya kambi ya gesi ya Afungi, ukitoka unapanda baiskeli, na siku ya mapumziko ndiyo unayokwenda mbali zaidi, eti mashindano ni mwezi ujao na simu inakuhesabia kilomita. Simu nzuri, sikatai. Lakini haijui magoti yako.

Katika umri wako mimi nilikuwa mchukuzi wa samaki. Nilipakia samaki wakavu wa bibi yako Atija, nikawapeleka bara kwa baiskeli na kurudi na mihogo. Wewe bibi yako ulimkuta mzee, hana meno, anabembeleza kuku. Wakati ule akikohoa, soko lote linageuka. Nami nilimpenda binti yake, mama yako, na nilimpenda sana.

Tatizo lilikuwa jina. Kila mwaka, siku ya pili ya Idd Kubwa, vijana tulishindana kwa baiskeli kutoka Namoto hadi sokoni Palma, na mwaka mmoja nilifika wa mwisho kabisa, watu wameshakwenda kula. Mji mzima ukaniita Mkia. Nilipomwambia mama yako kwamba nataka kumwoa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe kama mtu asiye na wazee, wala hakuacha kupepeta mchele.

"Mimi siolewi na Mkia," alisema. "Watoto wangu wataitwaje?"

Basi nikaapa kwamba Idd ijayo jina lile litakufa.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga. Sisi wachukuzi Ijumaa hatukupanda baiskeli. Tuliipindua uani, magurudumu juu, tukatoa mchanga kwenye mnyororo, tukatia mafuta, tukaiacha hivyo hadi Jumamosi alfajiri. Baiskeli iliyopinduliwa haiguswi, hata mwenyewe haigusi. Jirani yangu Tomasi, Mmakonde wa Mueda, naye alikuwa mchukuzi, ila yeye Mkristo, aliipindua yake Jumapili. Nami nikaona nimegundua siri ya dunia: Ijumaa naazima ya Tomasi, Jumapili naendesha yangu. Mila sijavunja, na siku sijapoteza hata moja! Asubuhi mazoezi, mchana samaki, jioni mazoezi tena.

Mwanzoni nilipaa. Nilikuwa natoka baada ya swala ya alfajiri, njia ile ile kila siku, na kurudi watoto wa shule hawajaingia darasani. Baada ya wiki tatu nikawa nawakuta wameshaingia. Baada ya wiki tano narudi nawakuta nje, wanacheza, wako mapumzikoni. Miguu mizito, chakula hakipiti, na mtu akinisalimu naona ananichokoza. Nami dawa niliyoijua ilikuwa moja tu, kuongeza mwendo. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, lakini mimi wahenga nilikuwa nimewaacha nyuma barabarani.

Ndipo nikalala kwenye sijida ile.

Nilipotoka msikitini, aibu imenijaa, nilimkuta Bi Atija amesimama uani kwetu, mikono kiunoni. Baiskeli yangu imepinduliwa kama kila Ijumaa. Ya Tomasi nayo imepinduliwa kando yake, na Tomasi mwenyewe kaketi pale anakula mhogo, hanitazami usoni. Nilielewa kwamba amenichongea.

"Chuma unakipumzisha Ijumaa," Bi Atija alisema. "Wewe wa nyama umekuwa mgumu kuliko chuma?"

"Mama, zimebaki siku kumi na mbili!"

"Ndiyo maana. Siku nne hupandi kitu. Kula, lala. Samaki wangu atawapeleka Tomasi."

"Watanishinda, mama. Nitakuwa Mkia mpaka kufa."

Tomasi akameza mhogo wake. "Epa, rafiki, wewe umeshashindwa na watoto wa shule. Chukua deskansu, pumzika."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Niliingia ndani nikalia kwa hasira, na katikati ya kilio nikalala hadi magharibi. Siku nne zile Bi Atija aliniletea ugali wa muhogo na samaki wa nazi, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Mwili haujengwi kwa matofali, alikuwa akisema, huku anaongeza mchuzi. Siku ya tatu nikaanza kuwasalimu watu vizuri. Siku ya tano nikapanda baiskeli, nikaenda na kurudi, nikawakuta watoto ndio kwanza wanafagia uwanja wa shule. Nilipiga kelele peke yangu barabarani! Wale watoto wakanipigia makofi bila kujua sababu.

Idd ikafika. Tomasi alishinda, mshenzi yule, na mimi nikawa wa tatu. Ndiyo, wa tatu, na nilifurahi kama niliyepewa mji. Mama yako aliniletea maji katika kata, akanitazama nilivyojaa vumbi.

"Haya," alisema. "Sasa kalete mshenga, usije tena mwenyewe."

Mwanangu, ninalotaka ushike ni hili. Mazoezi yanakuchosha, na nguvu inakuja ukiwa umelala. Ukizidi kwenda na unazidi kuchelewa, usiongeze, punguza. Chakula kikikukataa, na salamu za watu zikikuudhi, jua mwili unakuita, uitikie mapema kabla haujakulaza hadharani. Kula ushibe. Na katika wiki chagua siku moja isiyoazimwa wala kukopeshwa, maana mtaka yote hukosa yote.

Leo ni siku yako ya mapumziko, najua, na umeamka kutafuta baiskeli. Iko uani, magurudumu juu. Nimeipindua mimi, mnyororo nimeutia mafuta, na mila unaijua. Mama yako ameshabandika samaki wa nazi.

Mwenyezi Mungu akupe miguu myepesi na usingizi mzito, akufikishe salama kila unakokwenda na kukurudisha na njaa nzuri. Na siku ya mashindano yako sisi wawili tutakuwa pale mwisho wa njia na kata ya maji. Amina. Sasa rudi ukalale.