Nanyori na kaburi ambalo halikuandikwa

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeufunika Mlima Meru. Nanyori Lesian, kitambaa puani na kizibao cha rangi ya chungwa mwilini, anafagia mchanga ukingoni mwa barabara mpya ya lami ya Olkiloriti. Akifika nguzo ya tatu ya taa, anapunguza mwendo.

"Jiko langu lilikuwa hapa," anasema bila kuinua kichwa. "Hapo uliposimama palikuwa zizi la ndama."

Nanyori, mwenye miaka 57, aliolewa Olkiloriti ikiwa kijiji cha mahindi na ng'ombe. Mipaka ya Jiji la Arusha iliposogezwa, kijiji kikawa mtaa. Yeye hakuhamia mjini. Mji ndio ulimfuata.

Miaka minne iliyopita, wapimaji walikuja kuandika kila kilichokuwa kwenye njia ya barabara: nyumba, migomba, makaburi. La mumewe, Lesikar, lilikuwa na msalaba wa saruji. Likaandikwa. La mtoto wao wa kwanza, aliyefariki akiwa na siku kumi na moja, lilikuwa na mche wa isale tu, mmea wa kutia alama kaburini, uliopandwa na mama mkwe wake.

"Nilimwonyesha yule mwenye karatasi. Akaniambia, 'Mama, hapa mimi naona majani tu.' Nikanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitesa."

Mabaki ya Lesikar yalihamishwa kwa ibada. Wiki mbili baadaye katapila likafika, na Nanyori akaenda kusimama mbele yake.

Dereva, Sadoki Ephraimu, hajasahau. "Nilipiga honi, hakusogea. Nikashuka, nikamwambia, 'Shikamoo mama, toka tafadhali, utaumia.' Akaitikia marahaba, akaniuliza, 'Mwanangu, una watoto?' Nikasema wawili. Akasema, 'Wangu yuko hapo unapotaka kupita.'"

Sadoki alizima mtambo. Msimamizi alimfokea kwenye simu, akatishia kumfukuza kazi. Hakuuwasha.

Siku ya tatu alikuja mchungaji pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wakachimba kwa majembe. Usawa wa kiuno walikuta shanga chache za bluu, zile alizovishwa mtoto mkononi na bibi yake. Vingine vyote udongo ulikuwa umeshavichukua.

"Nilizipokea kwa kanga," anasema Nanyori. "Alipofariki waliniambia kichanga haliliwi sana, nitazaa wengine. Nikazaa wanne. Lakini siku ile ndipo nilipomlilia."

Shanga zilizikwa kando ya Lesikar, kwenye robo eka iliyobaki nyuma ya barabara. Madalali humfuata kila mara wakiitaka. Anawakaribisha chai, kisha anawasindikiza.

Mwaka jana Joyce, mpangaji wa jirani, alifiwa na mtoto wa wiki tatu. Hakuwa na nauli ya kumrudisha kwao, wala hakuwa na pa kumzika. Alikwenda kwa Nanyori akiwa amembeba mgongoni, kama aliye hai, na Nanyori akampa pa kumzika kwenye robo eka hiyo.

Tukio hilo ndilo lililomfanya Nanyori aandike barua kwa ofisi za jiji, akiomba sehemu ya robo eka yake itambuliwe kuwa mahali pa kuzikia watoto wachanga wa mtaa. Wanawe wote wanne wametia saini. Majibu bado hayajatoka.

"Nitakwenda tena Jumatatu," anasema. "Nataka mama asiye na shamba apate pa kumlaza mwanawe, na siku akitaka kumwona, apajue."