Boti Lililopasuliwa Mpala

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi wa nguo, Kalemie nzima wakimjua kwa kazi ya mkono wake. Mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alimposa mara mbili, akamkataa mara mbili. Jumapili moja, miaka ile ya Zaire, akitoka misa, wanaume watatu walimkamata, wakamtupa ndani ya boti la mchuuzi yule na kuondoka naye mchana kweupe.

Nilimsindikiza Papa kwa komisere wa polisi. Hakugusa hata kalamu.

"Sitwayeni," alimwambia Papa, kama raia wote walivyoitwa enzi hizo, "hiyo haiko kesi. Ni mambo ya ndoa. Rudia nyumbani, ungojee mukwe wako."

Baba wadogo nao wakasema tupokee mahari, aibu iishe. Mama aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mutoto haiko wenu," akasema. "Mutoke kwangu."

Siku ya tano, mama mmoja muuza mihogo alitueleza kwamba kijijini kwao Mpala kuna nyumba imefungwa kwa kufuli, na ndani mtu analia. Alfajiri Mama, mama wadogo wawili na mimi tulipanda mtumbwi wa mashine, kila mmoja na mchi wake. Tulivunja mlango. Dada alikuwa sakafuni, midomo imekauka, mikono imevimba kwa kamba. Aliuliza tu, "Yeye iko wapi?"

Yeye alikuwa Kalemie, ila boti lake lilikuwa ufukweni. Dada aliazima shoka kwa jirani, akalipasua ubao kwa ubao. Tulipotaka kumsaidia alikataa. Mashine ya boti niliizamisha mimi.

Kwa ajili ya dada hakuja askari hata mmoja. Kwa ajili ya boti tuliwakuta wanne mlangoni tuliporudi. Tulipelekwa biro, ofisini kwa komisere, na mchuuzi alikuwa ameketi kando yake.

"Njo wewe ulivunja boti?" komisere akamuuliza dada kama ndiye yeye.

"Njo mimi," dada akajibu, akimtazama mchuuzi. "Akikanyaga kwetu, nitavunja kichwa."

Papa alifungwa siku tatu kwa sababu yetu. Lakini akina mama wa ufukweni walikataa kumuuzia mchuuzi hata dagaa mmoja, na mwezi haukuisha akahamia Kigoma.

Komisere hakuadhibiwa. Alipohamishwa walimfanyia karamu. Nilikuwa miongoni mwa waandaaji wa chakula, na nilitema mate ndani ya sahani yake kabla ya kuipeleka mezani. Alikula yote. Nilipomsimulia padri naye akanitaka nitubu, nilimwambia hilo sitalitubu.