Mwenye Mashine Kwenye Orodha ya Chakula cha Bure

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza. Nilikuwa nasema hivyo na nilikuwa naamini, maana nilitoka Fizi, kule Kongo, na shati moja na kidumu cha lita tano, nikafika hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nikalala chini ya turubai, nikauza makaa, nikauza dagaa, na leo nina mashine yangu ya kusaga unga hapa kijiji cha Misiera (injini ni ya nguvu za farasi ishirini, kuna watu wanasema kumi na sita, ni wivu), na yote hayo nimeyafanya na darasa la nne la primaire tu. Sasa acha niwaambie, na naona aibu mpaka leo: kuna siku nilikaa mbele ya wazazi wa shule nzima wakipitisha kofia ya pasteur, mchungaji wetu, kunichangia mimi, Baba Furaha, ambaye kila mtu ananiita Patron, yaani bosi. Siku hiyo nilishangaa.

Mambo yalianza na fomu. Zamani pale shuleni kwa watoto wetu chakula cha bure kilikuwa cha yatima na cha wale ambao nyumbani hakuna anayefanya kazi. Muhula huu mwalimu mkuu akatuita, akaeleza kwamba wameongeza watu: hata kama baba au mama anafanya kazi, akiwa ni mtu wa kulima shamba la wengine, wa kufua nguo, wa kubeba matofali, na malipo yake hayafiki kiasi fulani kwa mwezi, watoto wake watakula uji asubuhi na posho, ugali wa hapa, na maharage mchana bila kulipa. Waliobaki walipe elfu sitini kwa mtoto kwa muhula. Mwalimu alieleza vizuri na alirudia mara mbili, lakini mimi nilishika fasi moja tu, pale aliposema "wazazi wanaofanya kazi". Nikajiuliza, nani hapa anafanya kazi kuliko mimi? Mashine yangu inanguruma toka asubuhi, natoka pale na unga mpaka kwenye nyusi, nina watoto watano shuleni, halafu nilipe?

Nikachukua fomu. Fasi ya kazi nikaandika "kusaga", ambayo si uongo. Fasi ya mapato nikaandika elfu themanini, ambayo pia si uongo, isipokuwa fomu iliuliza ya mwezi na mimi niliandika ya siku moja nzuri.

Kama ingeishia hapo ningekuwa na siri ndogo ya kucheka nayo. Lakini wiki iliyofuata tukaambiwa watakuja watu wawili kutoka Mbarara, wasiomjua mtu yeyote hapa ili kusiwe na upendeleo, na watapita nyumba kwa nyumba kuangalia paa, kuangalia sakafu, kuangalia vitu vilivyo ndani. Na ndani kwangu, jamani, kuna vitu. Kuna sofa nyekundu ya watu sita ambayo nilikwenda kuichagua mwenyewe Mbarara (bado ina nailoni yake), kuna televisheni, kuna sola, na pikipiki inalala sebuleni kama mtoto wa kwanza.

Jirani yangu wa upande wa chini ni Mama Diane, mama wa Burundi, mjane, ana watoto watatu shule moja na wangu. Anaamka kabla ya jua, anakwenda kulima mashamba ya watu, akirudi anafua nguo za watu, na watoto wake wanakula mara moja kwa siku, jioni, akishalipwa. Yeye ndiye mtu ambaye ile kanuni mpya ilitengenezwa kwa ajili yake, hata kipofu angeona. Nyumba yake ni udongo, na paa ni turubai na mabati mawili ambayo nilimpa mimi mwaka ule mvua ilipomwezulia (yalikuwa na kutu, lakini yalikuwa mabati).

Siku ya Jumapili nikatoka kanisani pambio la tatu likiwa bado linaimbwa. Wakatoliki misa yao inaisha mapema, kwa hiyo Mama Diane alikuwa amesharudi, na Wakongomani wenzangu wote bado wako ndani wanapiga makofi, maana kwetu pasteur akishaanza hujui atamaliza lini. Mke wangu nilikuwa nimemwambia abaki nyumbani aseme anaumwa.

"Baba Furaha," akaniambia, "hii sofa tuliinunua na jasho letu. Leo tunaificha sawa batu ya kuiba?"

"Shika kule mbele," nikamjibu, "na usikwaruze nailoni."

Mama Diane alitusimamia mlangoni anatuangalia tukiingiza sofa, nusu ikaingia, nusu tukaizungusha, mpaka nyumba yake ikajaa mtu asipate pa kukanyaga. Hakuuliza kitu mpaka tulipoleta pikipiki.

"Na miye wakija kwangu, Patron?"

"Kwako waje kutafuta nini, mama? Umaskini wako unaonekana toka barabarani."

Nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu huu, na niliona nimemtuliza.

Jumatatu wakaja. Mmoja alikuwa dada wa Mbarara, mpole, anaandika kwenye simu kubwa, watu walimwita Madamu. Mwingine alikuwa mzee mrefu aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Nilikuwa nimevaa suruali ya kulimia na nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mzee, wewe nafanya kazi gani?" akaniuliza yule wa Makenke.

"Kusaga unga wa watu."

"Mashine ya nani?"

"Ya patron mumoja."

"Sasa patron wapi?"

"Amesafiri."

Madamu akanionea huruma. Akauliza kama huyo patron ananilipa vibaya, kama ananinyanyasa. Hapo ndugu zangu ningesema ndiyo, mambo yangekwisha, lakini kuna kitu ndani yangu kilikataa. Nikamwambia apana, madamu, yule patron ni mutu muzuri sana, alianza na kidumu tu, ana akili kushinda waliosoma, na ile injini yake ni ya farasi ishirini. Niliongea juu ya huyo patron mpaka yule mzee wa Makenke akatazama saa. Madamu akaandika, nikasikia anamwambia mwenzake kwamba kuna wafanyakazi wanaopenda mabosi wao hivyo, ni jambo la kusikitisha.

Halafu wakatoka kwangu wakashuka kwa Mama Diane. Mimi nilikuwa nimefikiri wataanzia barabarani, au wataruka nyumba yake kwa sababu iko wazi kabisa. Nikawafuata mpaka karibu na kuku wangu, nikajifanya nawamwagia pumba.

Watoto watatu wa Mama Diane walikuwa wamekaa kwenye sofa nyekundu, miguu haifiki chini, mbele yao televisheni. Madamu alisimama mlangoni (hakukuwa na njia ya kupita, pikipiki ilikuwa katikati).

"Hii kiti ya nani?" mzee akauliza.

"Nimewekewa," Mama Diane akasema.

"Na televisheni?"

"Nayo nimewekewa."

"Nani alikuwekea?"

Akageuka kunitazama. Hakunionyesha kwa kidole, alinitazama tu, akanipa nafasi. Mimi nikawatazama kuku.

"Ni vya mtu," akasema.

"Kila nyumba tunaingia, vitu ni vya mtu," mzee akasema. "Andika, Madamu."

Usiniulize kwa nini sikusema. Nilikuwa najiambia orodha bado haijatoka, labda wataelewa, labda nitakwenda kuongea nao kesho. Kesho ilipofika nilikuwa na wateja.

Ijumaa wakatuita wote shuleni kusomewa majina kwa sauti, maana ndivyo wanavyofanya, ili mwenye pingamizi aseme. Mwalimu mkuu akasoma waliokubaliwa. Alipofika kwenye jina langu, akasita, akasoma tena. Nyuma yangu mtu akauliza taratibu, "Huyu si mwenye mashine?" Akajibiwa, "Njo yeye. Mambo imemugeukia, kumbe." Halafu akasoma waliokataliwa, na wa kwanza alikuwa Mama Diane: ana mali.

Nilikuwa bado natafuta pa kuweka macho, pasteur wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa wazazi, akasimama. Kule kwetu kanisani, ndugu akianguka hatumuachi, tunaimba na kofia inapita. Mpaka leo sijui kama pasteur alikuwa ananicheka au alikuwa anaamini, uso wake haukusema kitu. Akavua kofia, akasema, "Bandugu, Patron ametulishia batoto na mashine yake miaka mingi, leo yeye njo anakosa. Alificha shida yake juu ya heshima. Tumusaidie."

Wakaanza kuimba, na kofia ikapita, watu wanatia mia mbili, wanatia mia tano, wengine mabega yanatikisika kwa kicheko, na mama mmoja mzee ambaye namsagia kilo mbili kila Jumamosi alitia elfu nzima akafuta machozi, huyo hakuwa anacheka. Mke wangu alifunika uso na kitenge. Halafu kofia ikafika kwa Mama Diane. Alikuwa amekataliwa dakika tano zilizopita, watoto wake muhula mzima watakaa darasani mchana wakisikia harufu ya maharage ya wenzao, na alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa mia tano, akaitia kwenye kofia. Hakuniangalia hata.

Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe.

"Muache kuimba," nikasema. "Ile sofa ni yangu."

"Sofa gani?" pasteur akauliza.

"Iliyo kwa Mama Diane. Na televisheni, inchi thelathini na mbili. Na sola. Na pikipiki. Nilivipeleka mimi, Jumapili, ninyi mukiwa mu pambio. Yeye hana kitu."

Madamu alikuwa amekaa pembeni na mwalimu mkuu. Akainua kichwa pole pole.

"Na ile mashine ya kusaga?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo yule patron mwenye akili kushinda waliosoma..."

"Njo mimi, madamu."

Nimesikia vicheko maishani mwangu, lakini kile kilivuka barabara. Mzee wa Makenke ilibidi amtafute mtu wa kumshikilia.

Basi. Jina langu likafutwa pale pale. Lakini la Mama Diane halikurudi kwa kusema tu, maana orodha ilikuwa imeshakwenda Mbarara, na ilibidi mimi niende mwenyewe na barua ya kukiri, na yeye aende aanze fomu upya. Nilitaka tupande pikipiki yangu. Alikataa, akasema hataki kuonekana nayo tena, kwa hiyo tukapanda gari. Kule ofisini kijana wa kaunta aliisoma barua, akaniomba nisubiri, akaenda kuita wenzake wanne, nikasimulia tena toka kwenye fomu. Wakamkubalia Mama Diane, ila chakula cha watoto wake kitaanza katikati ya muhula, wakaguzi wakisharudi. Nusu ya kwanza nikasema nalipa mimi.

Tangu siku hiyo nimeapa: karatasi yoyote inayouliza nina nini, naandika nina nini, na ikiwezekana naongeza kidogo. Na watu wakinisifu naitika, sisemi tena juu ya patron aliyesafiri.

Elfu sitini kwa kila mtoto wangu siihesabu, hiyo ilikuwa wajibu wangu kulipa toka mwanzo. Nahesabu hasara tu. Chakula cha watoto watatu wa Mama Diane kwa nusu muhula, elfu tisini. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, elfu sitini. Kuchapisha barua, elfu tatu. Wali na nyama kwa wawili pale Mbarara, elfu kumi na nne. Za kwenye kofia kila mtu alichukua zake, isipokuwa Mama Diane. Nilimpelekea mia tano yake mpaka mlangoni, hakunyoosha mkono.

"Nilikupa ukiwa maskini, Patron," akasema. "Kaa nayo."

Kwa hiyo yote pamoja, nikitoa hiyo mia tano yake, ilinigharimu shilingi laki moja na elfu sitini na sita na mia tano.