Miludi Bubu na Mwito wa Ghalia

Miludi alikuwa fundi wa sauti, na watu walimwita Bubu. Kama kuna jina baya zaidi la kumpa fundi wa sauti, mimi bado sijalisikia. Alibandikwa jina hilo mwaka jana kwenye sikukuu ya msimu ya Sidi Laghrib, mchana kweupe, mbele ya mahema mia mbili, na tangu siku hiyo likamganda kama kupe.

Ilikuwa hivi. Kikosi cha wanawake kumi na mmoja kiliingia uwanjani na farasi na magobori yao, kiongozi wao Ghalia, binti wa Haji Buazza. Katika mbio za baruti kila kitu ni mwito. Farasi wanakimbia bega kwa bega, kiongozi anaita, magobori yanainuka. Anaita tena, na yote yanatakiwa kulia kwa mshindo mmoja. Ghalia alikuwa amevaa maiki ndogo shingoni na kile kisanduku cha kurusha sauti, saizi ya pakiti ya sigara, chenye antena kama mkia wa panya. Akaita. Spika nane za Miludi hazikutoa hata pumzi. Baruti ikalia, na Haji Buazza, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika miaka mitatu kabla, akawageukia waliokaa naye hemani.

"Nani ameita?" akauliza. "Mimi sijasikia mtu."

Swali hilo lilizunguka vijijini kwa kasi kuliko farasi yeyote. Larbi, binamu yake Ghalia, akawa anasema kila penye chai kwamba sauti ya mwanamke haivuki masikio ya farasi wake mwenyewe. Mwishowe Haji akakata shauri. Lazrag, dume la farasi la kijivu aliloongozea kikosi chake kabla hajapofuka, alikuwa amempa Ghalia kwa kumwazima tu. "Msimu ujao nikimsikia kwa masikio yangu, Lazrag ni wake," akasema. "Nisipomsikia, Larbi aje na hatamu." Na Haji akishasema, amesema.

Miludi alijiona yeye ndiye aliyemwibia yule binti farasi. Ujanani alikuwa amepanda katika kikosi cha Haji mpaka alipoanguka na kuvunjika nyonga, na kwa kuwa hakuweza kuondoka uwanjani moja kwa moja, akarudi na spika. Mwaka mzima alikihoji kile kisanduku kama hakimu. Ni betri? Ni chaneli? Ni waya? Kila alipokijaribu nyumbani, kilisema vizuri kabisa, kwa adabu, na mkewe akawa anamwambia kitu hicho kina hila kama ndugu wa mume.

Msimu ulipofika, Miludi alikuwa uwanjani kabla chai haijachemka. Kipokezi alikipandisha juu ya mlingoti, juu ya vichwa vya watu na farasi, kisizibwe na kitu. Akapitia chaneli moja moja, akiikwepa ya mtangazaji na ya hema la wauza magodoro, mpaka akapata moja tupu, haina hata mkwaruzo. Akatia betri mpya. Kisha akakifunga kisanduku kiunoni mwake na kuanza kuuzunguka uwanja wote kwa mguu wake mbovu, huku akihesabu kwenye maiki.

"Moja, mbili... moja, mbili..."

"Bubu amejifunza hesabu!" akapiga kelele Kaddur, muuza maandazi. "Akifika kumi tumtahiri!"

"Kaanga maandazi yako, Kaddur," spika zote nane zikamjibu kwa sauti ya Miludi, "mafuta yenyewe ya juzi!" Watu wakacheka, na Kaddur akainamia karai lake. Hapakuwa na kona ya uwanja ambako sauti ilikatika.

Akamwita Ghalia ajaribu. Binti akasimama na koti lake la kila siku, akasema "haya" mara mbili kama anayeomba chumvi.

"Mwanangu, hivyo ndivyo utakavyoita?"

"Ami Miludi, mimi siwezi kuita nikiwa chini. Naona haya."

"Basi panda."

Akapanda. Alipokaa tu kwenye tandiko la Lazrag, akafumbua kinywa, na taa nyekundu kwenye kipokezi zikawaka zote. Miludi akaruka kwa furaha. Akaupunguza usikivu wa kisanduku mara tatu, hadi sauti ikatoka nzima bila kukwaruza hata kama baruti ingelia, na maiki akaivisha manyoya ya kondoo ili upepo usivume ndani yake. Mambo yakawa sawasawa.

Adhuhuri ikapita. Ghalia akaingia kwenye hema la wanawake kuvaa, na huko mwanamume haingii, awe fundi awe nani. Miludi akapenyeza kisanduku chini ya turubai na kumwelekeza Shangazi Yamna, anayewavisha wapandaji wote, kama alivyomwelekeza mwaka jana: mgongoni, Shangazi, antena iangalie chini, usiikunje.

"Nimewavisha hawa tangu hujajua kufunga viatu," Yamna akajibu kutoka ndani. "Nenda zako."

Kikosi kikatoka. Majoho meupe, majambia, na kifuani mwa kila mmoja kikasha cha fedha chenye kijitabu cha dua, maana bila hicho hakuna apandaye. Mbio ya kwanza ni ya salamu tu, haina baruti. Farasi wakaondoka, na Miludi akatazama kwenye kipokezi taa za kuonyesha mawimbi yanavyofika. Taa tano. Tatu. Moja. Kufika katikati ya uwanja, giza. Ghalia akaonekana kinywa wazi, na spika nane zikanyamaza kama mwaka jana.

"Bubu ni bubu!" akaimba Kaddur. Kwenye hema la wazee, Larbi alikuwa tayari amesimama na hatamu mpya mkononi.

Asubuhi kisanduku kilisema kila pembe, na sasa kimekufa. Betri ile ile, chaneli ile ile, mtu yule yule. Kitu gani kimebadilika? Nguo. Na nguo amevishwa na nani? Akaanza kukimbia. Watu wanaokumbuka wanasema hawajawahi kuona mguu mbovu ukikimbia vile. Akakata katikati ya uwanja, kitu ambacho mtu mwenye akili hakifanyi, akafika kwenye mstari wa kuanzia ambako Yamna alikuwa akiwanyoosha majoho wapandaji waliokuwa wamerudi kwa mbio ya pili.

"Shangazi! Kisanduku umekiweka wapi?"

"Mahali pake," Yamna akasema kwa fahari, akagonga kikasha cha fedha kifuani mwa Ghalia. "Humu, pamoja na kitabu, kipate baraka. Mwaka jana nilidhani kifuniko hakikufunga vizuri ndiyo maana kikagoma. Safari hii nimekikaza kwa nta."

Miludi akataka kulia, akataka kucheka. Mwaka mzima alikuwa akizisingizia betri! Sauti ilikuwa imefungiwa ndani ya fedha, ikapigwa na lakiri juu.

"Shangazi, fedha haipitishi mawimbi ya antena. Umemfungia binti ndani ya sanduku."

"Ina maana baraka ndiyo imeharibu?" Yamna akashika kiuno. "Chunga ulimi wako, Miludi!"

"Baraka haijaharibu kitu, mama yangu. Kitabu kikae karibu na moyo wake. Mashine haijui kusoma, ikae mgongoni."

Ghalia akacheka, na kicheko hicho kikamtoa hofu. Alikwisha kuvunja nta kwa ncha ya jambia. Akatoa kisanduku na kumpa Yamna, kwa kuwa mkono wa kumgusa binti haukuwa wa Miludi, na bibi yule, huku akinung'unika, akakifunga juu ya joho, katikati ya mabega, kwa ukanda wa hariri alioufungua kichwani mwake mwenyewe. Antena ikaning'inia huru.

"Nitaitaje, Ami?"

"Kama uko juu ya Lazrag," akasema Miludi, akageuka kukimbia tena.

Alifika kwenye vifaa vyake farasi wakiwa wameshaondoka. Taa tano. Tano. Tano. Kisha sauti ya Ghalia ikajaa uwanjani, pana, isiyo na mkwaruzo, ikapita juu ya mahema yote: "Haya mabinti! Farasi na baruti!" Magobori kumi na moja yakainuka kwa mkono mmoja. "Eeee!" Na baruti ikalia mara moja. Mara moja tu! Hata angekuwepo mwenye kinyongo na saa mkononi, asingepata pa kukosoa. Wanawake wakapiga vigelegele hadi Kaddur akaangusha upawa wake.

Ghalia akageuza farasi, akaenda moja kwa moja hadi hema la wazee, akashuka na kuubusu mkono wa baba yake. Kanuni ya fundi yeyote wa sauti ni kwamba mbio zikiisha, maiki inazimwa. Kidole cha Miludi kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kikabaki hapo hapo, hakibonyezi.

"Umeita mapema kidogo," spika nane zikasema kwa sauti ya Haji Buazza. Uwanja mzima ukatulia.

"Ndiyo, Baba."

"Lakini nimesikia." Kikohozi kikavuma kama radi. "Lazrag ni wako. Na nikwambie kitu, binti yangu, kwa siri yetu wawili. Mwaka jana pia nilikusikia. Macho ndiyo yaliyokufa, masikio mazima. Iliniuma tu kusikia uwanja unamwitikia mtu mwingine, nikasema uongo. Nisamehe."

Larbi alizificha hatamu nyuma ya mgongo. Haji akainua kichwa, akageuza sikio huku na huku, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa bado yanamrudia kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Miludi!" akanguruma. "Miludi, mwana wa Sherki! Zima hicho kitu chako!"

Jina lilizunguka uwanja wote kwa spika nane, na safari hii hapana aliyeliongezea "Bubu". Miludi akalisikiliza hadi likaisha, kisha akabonyeza kitufe.